Bahasha ya Wiki ya Kumi na Mbili

1

Jumatatu ya wiki ya kumi na mbili simu ilipiga kura saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama ilivyofanya kila Jumatatu tangu katikati ya Machi. Sekela Kyando alikuwa jikoni akisubiri maji ya chai yachemke. Kioo kiliandika: *Kura imepigwa. Bahasha imefungwa.* Akapapasa nyuma ya sikio lake la kushoto, mahali punje ya kutuliza hofu ilipobandikwa, ndogo kama mbegu ya mtama. Haikutetemeka wala haikupata joto. Ndivyo ilivyotakiwa. Kwa kura hiyo, wiki hii ama punje ilikuwa inafanya kazi, ama ilikuwa imekaa pale bure kama kipande cha plastiki, na yeye hakupaswa kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Zilibaki siku sita. Jumapili jioni angeruhusiwa kufungua bahasha na kusoma wiki zote kumi na mbili kwa mpangilio, zipi zilikuwa na punje inayofanya kazi na zipi zilikuwa tupu. Simu ingelinganisha na majibu aliyoyatoa kila jioni kuhusu usingizi, hamu ya kula, na hofu. Hapo ndipo angejua kama punje ndiyo iliyomrudishia uhai.

Miaka hiyo kila mtu pale kijijini Nyalumba alikuwa na jaribio lake. Watu walipokutana njiani, wakishamaliza kuamkiana, waliulizana, "Uko wiki ya ngapi?" Katekista alijaribu kulala mchana, akagundua kwamba kulala mchana kunamfanya awe mkali jioni. Mwenyekiti wa kitongoji aliacha chumvi wiki nne, akairudia wiki nne, akaiacha tena, na mwisho Jipime, programu ya simu ya majaribio hayo, ikamwambia kwamba kichwa chake hakiumizwi na chumvi, kinaumizwa na vikao. Watu walicheka, lakini vikao vilipunguzwa. Hospitali ilikupa dawa iliyowafaa watu elfu. Jipime ilikuuliza wewe peke yako, kwa mwili wako mwenyewe, ikakujibu kwa ushahidi.

Kanuni ilikuwa moja tu, na ilikuwa kali. Usifungue bahasha kabla ya siku yake. Ukifungua, jaribio limekufa, na kama ni jaribio la kifaa kinachogusa ubongo, kifaa hicho hukipati tena kwa miaka miwili. Zamani watu walikuwa wakichungulia, kisha wanajiongezea wenyewe nguvu ya kifaa, na wengine waliharibikiwa. Baraza la afya likafunga mlango.

Sekela alikuwa muuguzi mkunga, wa umri wa miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka minane ndiye aliyesimamia chumba cha kuzalishia cha kituo cha afya. Miaka minne nyuma mwalimu mmoja wa chekechea alimfia mikononi kwa kutokwa na damu. Hakukuwa na kosa, wote walisema hivyo. Lakini tangu siku ile hofu iliingia ndani yake ikakaa kama mgeni asiyeaga. Alilala saa mbili au tatu tu. Mikono ilimtetemeka akichoma sindano. Na kila mjamzito aliyesema tumbo linauma, Sekela aliita droni ya wagonjwa kutoka hospitali ya wilaya. Mwaka uliopita aliiita mara thelathini na moja, na mara ishirini na sita mgonjwa alirudishwa siku hiyohiyo akiwa mzima. Daktari Ng'umbi wa kule hospitalini alimpigia simu akamwambia kwa upole kwamba tarafa nzima ina droni moja, na kwamba siku moja itakuwa imebeba mtu asiye na kitu wakati mwingine anakufa.

Ndipo akaanza kujipima. Alijaribu kuacha kahawa, haikusaidia. Akajaribu kutembea kila asubuhi mpaka kwenye minara ya umeme wa upepo, miguu ikapata nguvu lakini hofu ikabaki palepale. Jaribio la tatu lilikuwa punje. Wiki ya kwanza na ya pili hakuona kitu. Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, alishtuka kukuta kumekucha na hakuwa ameamka hata mara moja usiku. Wiki ya sita alirudi kwenye kwaya. Wiki ya nane alimzalisha binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wa kwanza, katika kitanda chake pale pale Nyalumba, na hakuita droni. Alipokuwa ananawa mikono baadaye aliitazama. Ilikuwa imetulia.

Hakumwambia mtu kazini kwamba amevaa punje. Nywele zilifunika sikio, na hakuna fomu iliyouliza.

2

Jumatano saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi Blandina Mahenge aliingia kituoni akitembea mwenyewe, mkono mmoja kiunoni. Nyuma yake alikuja mumewe, Festo Luvanda, fundi wa vikaushio vya pareto, amebeba kapu la nguo na chupa ya chai. Mimba ilikuwa ya tatu, wiki ya thelathini na sita. Wawili wa kwanza, Yusta na mdogo wake, walizaliwa hapohapo bila shida. Alisema mgongo umemuuma tangu alfajiri, na kwamba ameona damu kidogo, nyeusinyeusi, si ya kutisha.

Sekela alimlaza, akamfungia mkanda wa vipimo. Moyo wa mtoto ulipiga mia moja hamsini na mbili. Presha ya mama ilikuwa nzuri. Tumbo lilikuwa laini chini ya kiganja, ingawa upande mmoja Blandina alikunja uso alipoguswa. Mwongozo ulisema wazi: damu kidogo, vipimo vizuri, mfuatilie kwa saa moja kisha uamue.

Aneth Tweve, muuguzi kijana aliyekuwa mwaka wa pili kazini, alitoka nje kidogo akarudi amejifunga kitenge mabegani. Alimvuta Sekela pembeni.

"Dada, ukungu umeshaanza kupanda. Saa tano utakuwa umefunga. Kwa nini tusiiite tu droni?"

Lilikuwa swali la haki. Mwezi wa sita kule juu ukungu ukishalala mlimani haufunguki mpaka alasiri, na droni hairuki ndani yake. Droni ilihitaji dakika kumi na nane kufika. Barabara ilihitaji saa tatu, mvua isiponyesha.

Sekela alijibu kwamba watasubiri hiyo saa moja. Alilisema kwa sauti ya kawaida, na Aneth, ambaye alikuwa amezoea kumwona akikimbilia simu kabla mgonjwa hajapanda kitandani, alimtazama kidogo kisha akaenda kuandaa dripu.

Hapo ndipo Sekela alipojishtukia. Damu nyeusi, maumivu ya mgongo yasiyokatika, upande mmoja unauma. Miezi mitatu nyuma angekuwa ameshaita droni. Sasa aliitafuta ile hofu ndani yake akakuta mahali pake pako wazi, pamefagiliwa. Utulivu huu ulikuwa wa nani? Kama ni wake, ulikuwa utulivu wa mkunga mwenye uzoefu aliyetazama mgonjwa akaona hakuna hatari. Kama ni wa punje, basi haukumaanisha chochote. Ulikuwa sawa na kumtazama mgonjwa kupitia kioo kilichopakwa rangi.

Aliingia kwenye chumba cha dawa akafunga mlango. Akatoa simu. Jipime ilikuwa na kitufe kimoja chekundu chini kabisa: *Fungua sasa.* Alikigusa, na maandishi yakatokea. *Siku zilizobaki: nne. Ukifungua, jaribio litabatilishwa na kifaa kitafungwa kwa miezi ishirini na minne. Weka kidole kuthibitisha.*

Kulikuwa na njia nyingine, rahisi, na aliijua. Angeweza kuita droni bila kufungua chochote. Lakini ingekuwa safari nyingine juu ya zile thelathini na moja, na vipimo vilikuwa vizuri, na alisikia sauti ya Daktari Ng'umbi, ile sauti ya upole iliyomuumiza kuliko ukali. Tena, kuita ingekuwa ni kukubali kwamba yeye ni yuleyule wa zamani, kwamba hakuna kilichopona.

Alisimama pale labda dakika moja. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Aliwaza kuhusu Jumapili. Aliwaza miaka miwili ya kuamka saa nane usiku na kutazama dari. Upande wa pili wa ukuta Blandina alikuwa akiongea na mumewe kuhusu mbegu za viazi, kama mtu asiye na shida kubwa.

Akairudisha simu mfukoni.

Saa nne kamili moyo wa mtoto ulikuwa mia moja arobaini. Bado vizuri, na Sekela akaendelea kumfuatilia. Blandina aliacha kuongea. Saa nne na robo Aneth alipima tena, akasema mia moja thelathini na nane, na akasema pia, bila kuulizwa, kwamba haoni tena minara ya upepo. Saa nne na dakika ishirini na tano Blandina alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

"Sista," alisema, "limekuwa jiwe."

Sekela aliweka kiganja. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao na halikulegea. Mkanda ulisoma mia moja na kumi, kisha tisini na sita. Kondo la nyuma lilikuwa linabanduka, na damu ilikuwa inajaa ndani, mahali isipoonekana. Aliita droni wakati huohuo. Droni iliondoka hospitalini saa nne na dakika thelathini. Kwa dakika kumi na moja walitazama nukta yake ikisogea kwenye kioo cha ukutani, ikavuka bonde la kwanza, ikavuka la pili. Kwenye ukingo wa mlima ikasimama. Ikazunguka mara moja, mara mbili. Kisha sauti ya mashine ikatangaza kwamba mwonekano hautoshi na kwamba inarudi.

Festo aliuliza maana yake nini. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote walikuwa na kazi.

Daktari Ng'umbi alikuwa hewani kwenye kioo tangu hapo, uso wake umekaza. Alisema wapasue chupa ya uzazi na wamzalishe palepale, haraka iwezekanavyo. Sekela alifanya yote aliyoambiwa na mengine ambayo hakuwa na haja ya kuambiwa. Mtoto alizaliwa saa sita kasoro dakika tano, wa kike. Hakulia. Walimpulizia pumzi na kumkanda kifua kwa dakika ishirini, Aneth akihesabu kwa sauti, mpaka Daktari Ng'umbi akasema taratibu, "Sekela. Mrudie mama."

Mama alikuwa anavuja. Walimwekea dripu mbili, wakamchoma sindano ya kukaza mji wa mimba, na Sekela akaukandamiza kwa ngumi saa nzima, jasho likimtoka katika baridi ile. Saa nane kasoro upepo wa kusini ulivuma ukaupasua ukungu, na droni ikatua uwanjani. Blandina alikuwa hajitambui walipompakia, lakini mapigo yalikuwepo.

Baada ya hapo Sekela alimwosha mtoto mwenyewe, akamvika nguo kutoka kwenye kapu, akamfunga vizuri katika shuka jeupe kisha katika blanketi, akampeleka kwa Festo aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje. Festo alipokea kwa mikono miwili. Hakufungua. Alisimama na kuanza kutembea kuelekea kwao.

Sekela alirudi ndani akatazama mikono yake. Ilikuwa imetulia tangu asubuhi mpaka saa ile. Hilo ndilo lililomtisha.

3

Mtoto alizikwa Alhamisi. Mama yake alikuwa bado hospitalini, ameongezewa damu chupa nne. Madaktari walifanikiwa kuuokoa mji wa mimba.

Ijumaa kulikuwa na kikao cha mapitio kwa njia ya simu, kama inavyotakiwa mtoto akifa. Daktari Ng'umbi alisoma kumbukumbu dakika kwa dakika. Aliuliza maswali sita au saba na Sekela akayajibu yote kwa ukweli. Mwisho daktari alisema kwamba mwongozo umefuatwa, kwamba vipimo vya saa tatu havikumlazimu mtu yeyote kuita droni, na kwamba mwongozo wenyewe ndio utakaotazamwa upya kwa vituo vyenye ukungu. Alimpa pole. Kisha akasema, kama mtu anayempa mwenzake zawadi, kwamba amefurahi kuona jinsi alivyokuwa mtulivu siku ile yote.

Sekela alisema asante na simu ikakatika.

Hapo alishindwa kuvumilia. Alimwita Aneth kwenye chumba cha dawa akafunua nywele, akamwonyesha punje. Akamweleza habari yote, pamoja na ile dakika moja aliyosimama na kidole juu ya kioo. Aneth alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msichana mwenye huruma, na kwanza alilia kidogo. Kisha akajipangusa na kusema kwamba haoni faida ya kulisema hilo mahali popote. Kikao kimekwisha. Ukungu ungeweza kuja mapema, mtoto angeweza kufa hata hospitalini. Sekela akasema anataka kwenda kwa Blandina akishatoka.

"Dada, pale kwao wanasema ni kazi ya Mungu," Aneth alisema. "Wameshapata pa kuliweka. Wewe ukienda unawapelekea mtu wa kumchukia. Sasa unakwenda kwa ajili yao, au kwa ajili yako?"

Sekela alilitafuta jibu la swali hilo Ijumaa ile iliyobaki na Jumamosi yote. Mtu aliyefanyiwa jambo ana haki ya kulijua. Hilo alilifundishwa chuoni na aliliamini. Lakini pia aliwahi kuona ukweli ukirushwa kwa watu waliolala chini, ukawaponda, na aliyeurusha akaenda zake akiwa mwepesi. Je, kama ndicho anachokitafuta, wepesi? Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo hakumwambia Aneth. Alikuwa anatamani bahasha iseme kwamba wiki ile punje ilikuwa inafanya kazi. Alitamani sana. Angekuwa na kitu cha kukinyooshea kidole.

Jumapili jioni simu ilitetemeka. *Hongera. Wiki kumi na mbili zimekamilika. Bahasha iko tayari.* Alikaa nayo mezani mpaka chai ikapoa. Kisha akabandua punje nyuma ya sikio, akaifunga kwenye karatasi, akaiweka kabatini. Bahasha hakuifungua.

Usiku ule alilala mpaka asubuhi, na alipoamka aliona aibu kwamba amelala.

4

Blandina alirudi nyumbani Jumamosi iliyofuata. Sekela alisubiri mpaka Jumanne. Asubuhi hiyo aliandika barua kwa Daktari Ng'umbi akieleza kila kitu, pamoja na punje, akaituma kabla ya kuvaa viatu, ili akifika kwa Blandina na mumewe asiwe na la kuwaomba. Hakutaka wawe wao wa kuamua kama atashtakiwa au atasamehewa.

Alifika saa kumi alasiri. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, na pembeni kulikuwa na jiko ambamo moto ulikuwa umewashwa kwa ajili ya baridi. Blandina alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, amejifunga blanketi, uso wake bado umepauka. Festo alikuwa anachonga mpini. Walimkaribisha vizuri, na hilo lilimuuma. Blandina alimshukuru kwa kumwokoa. Alisema ameambiwa na madaktari kwamba bila ile ngumi asingefika.

Sekela aliomba wamsikilize mpaka mwisho, kisha wamfanye watakavyo. Akaanza na yule mwalimu wa chekechea, akaja kwenye punje na kura za Jumatatu, akafika kwenye Jumatano. Alieleza Aneth alivyomwambia kuhusu ukungu. Alieleza chumba cha dawa. Hakujipunguzia wala hakujiongezea. Aliposema kwamba aliwaza Jumapili, Festo aliweka mpini chini, akainuka, akatoka nje. Walisikia hatua zake zikienda mpaka kwenye ua, zikasimama, zikarudi. Alibaki mlangoni.

"Ungeita saa tatu, angeishi?"

"Huenda," Sekela alisema. "Droni ingefika kabla ya ukungu, na wangempasua mama mapema. Siwezi kuapa. Lakini huenda angeishi."

Moto ulipasuka kidogo. Blandina hakuwa ametoa machozi wala kubadilisha namna alivyokaa. Aliuliza kama hiyo bahasha imeshafunguliwa. Sekela akasema hapana. Blandina akanyoosha mkono.

Sekela aliweka kidole chake kwenye kioo, bahasha ikafunguka, na akampa simu bila kuitazama. Blandina alisoma taratibu, midomo ikisogea, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akasoma kwa sauti. Wiki ya kwanza, punje. Wiki ya pili, tupu. Ya tatu, tupu. Aliendelea hivyo mstari kwa mstari. Ya kumi, punje. Ya kumi na moja, punje.

"Wiki ya kumi na mbili," Blandina alisema. "Tupu."

Chini yake kulikuwa na maelezo, naye akayasoma pia. Hakukuwa na tofauti yoyote kati ya wiki zenye punje na wiki tupu. Hofu ilianza kupungua wiki ya nne, wiki tupu, na haikurudi tena. Kifaa hakikuonekana kuwa na msaada kwa mtumiaji huyu.

Festo aliuliza maana yake nini, akiwa palepale mlangoni, kama alivyouliza siku ile. Safari hii Sekela alimjibu. Alimwambia maana yake ni kwamba hakuna kitu kilichokuwa kinamtuliza. Alikuwa amepona mwenyewe, pengine kwa muda tu kupita, pengine kwa kuimba, hajui. Utulivu wa siku ile ulikuwa wake. Na shaka iliyomwingiza kwenye chumba cha dawa nayo ilikuwa yake, shaka ya kweli, ya mkunga, na yeye aliifunga mfukoni ili asipoteze jaribio lililobakiza siku nne.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe," Blandina alisema.

"Nilikuwa mimi, Mama Yusta."

Festo alimwambia, bila kupaza sauti, kwamba ameshasema alichokuja kusema na sasa aende. Sekela aliinuka. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Kwa kweli alikuwa amejiandaa kwa mabaya zaidi. Alikuwa ameshafika karibu na mlango, Festo amesogea kumpisha, wakati Blandina alipomwambia asubiri.

Alikuwa anatazama moto. Alisema kwamba alipozinduka hospitalini waliomhudumia hawakuwahi kumwona mtoto. Aliporudi nyumbani alikuta kaburi. Amemuuliza mume wake, na mume wake alimpokea mtoto akiwa amefungwa, hakuthubutu kufunua, na wazee nao wakamzika hivyohivyo. Amewauliza wote. Hapa kwao hakuna aliyemtazama.

"Wewe ulimwosha," alisema. "Sikusamehi leo, na sijui kama nitakusamehe. Lakini kaa. Niambie alikuwaje."

Sekela alirudi akakaa chini, si kwenye kiti walichompa mwanzo, bali kwenye mkeka, karibu na miguu ya Blandina. Kwa mara ya kwanza tangu hofu ilipomwacha, mikono ilianza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. Alisema mtoto alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zilizolala upande mmoja. Alisema nyusi zake zilikuwa hazijaonekana vizuri, kama zimechorwa kwa penseli. Sikio la kulia lilikuwa limekunjika kidogo juu, na aliposema hilo, Festo, ambaye sikio lake lilikuwa hivyohivyo, alishika fremu ya mlango. Vidole vya mtoto vilikuwa virefu. Kwenye kisigino cha kushoto alikuwa na doa dogo la rangi ya kahawia, mviringo. Alikuwa mzito kidogo kuliko Sekela alivyotarajia. Uso wake ulikuwa umetulia, haukuwa na alama ya maumivu. Hilo alilitazama kwa makini, akijua siku moja mtu ataliuliza.

Festo aliingia ndani. Alikaa mkekani upande wa pili wa mkewe, magoti yamekunjwa, akiangalia chini.

Blandina alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, mengi, bila sauti. Kisha akamwambia Sekela aanze tena, taratibu, asiruke kitu.

Sekela akaanza tena, kwenye nywele.